Gari Linachemsha na Taa ya Oili Inawaka Baada ya Kufunga Heda: Pa Kuanzia

Heda ni mabomba ya eksozi yanayofungwa kwenye silinda hedi badala ya manifodi nzito ya chuma cha kusubu ambayo magari mengi hutoka nayo kiwandani, na hapa Dar es Salaam wenye Subaru na Toyota Altezza huzifunga ili moshi utoke kwa wepesi zaidi na mlio ubadilike. Malalamiko yanayofuata mara nyingi huja yakiwa mawili kwa pamoja: mshale wa joto umepanda, na taa nyekundu ya oili inamulika gari likisimama kwenye foleni ya Ubungo au Tazara. Mwenye gari hufika gereji akiwa ameshatoa hukumu: "Fundi, heda imeua injini." Mimi sikubali hukumu hiyo kabla ya kupima, kwa sababu heda yenyewe haina njia ya moja kwa moja ya kushusha presha ya oili, na mchango wake katika joto la maji ya rejeta ni mdogo. Kinachotafutwa ni kitu kilichoguswa siku ya kufunga, au kitu kilichounguzwa na joto la heda siku zilizofuata.

Ndiyo maana naanza na nyaya. Swichi ya presha ya oili katika magari mengi ya Kijapani ina waya mmoja tu: presha ikishuka, swichi huugusisha waya huo na bodi ya injini, na taa huwaka. Sasa heda ya bomba jembamba hutoa joto jingi zaidi chini ya boneti kuliko manifodi nene iliyokuwa na bati lake la kukinga joto, na uso wake unaweza kufika nyuzi mia kadhaa za Selsiasi, ilhali ganda la plastiki la waya wa kawaida limetengenezwa kuvumilia nyuzi 80 hadi 105 hivi. Ganda likiyeyuka na shaba ikagusa chuma, taa itawaka hata kama presha ni nzuri kabisa. Mambo ni hayo hayo kwa sensa ya joto ya waya mmoja inayolisha mshale wa dashibodi katika magari ya zamani: sensa hiyo hupunguza ukinzani kadiri maji yanavyopata joto, kwa hiyo waya wake ukigusa bodi, mshale hupanda hadi mwisho ghafla, hata injini ikiwa ndiyo kwanza imewashwa asubuhi. Nyaya hizi mbili mara nyingi hupita katika fungu moja, na fungu moja likilala juu ya bomba, gari litaonyesha magonjwa mawili ambayo halina. Chomoa waya wa swichi ya oili, uuweke mbali na chuma chochote, kisha fungua swichi ya gari bila kuwasha injini; taa ikiendelea kuwaka, tatizo liko kwenye waya, si kwenye injini.

Hata hivyo, usimruhusu mtu yeyote aendelee kuendesha gari kwa matumaini kwamba ni waya tu. Taa ya oili ikiwaka injini ikiwa inazunguka, zima gari papo hapo, livutwe, kisha upime. Kipimo cha kweli ni geji ya mkono inayofungwa mahali pa swichi ya oili. Hapa pana jambo ambalo nimeliona likiharibu kazi nzuri: injini nyingi za Toyota na Subaru zina tundu la nyuzi (meno ya skrubu) za aina ya BSPT la moja ya nane ya inchi, lenye nyuzi 28 kwa inchi, wakati adapta nyingi zinazokuja na geji za Kimarekani ni NPT, zenye nyuzi 27 kwa inchi. Zinafanana sana kwa macho, na adapta isiyo sahihi huingia raundi mbili tatu kabla ya kukaza. Fundi akiongeza nguvu, bodi ya aluminiamu hupasuka au oili huanza kuvuja, na safari hii inavujia juu ya heda yenye moto. Muuza spea wa Gerezani anayezijua geji atakupa adapta sahihi ukimtajia nyuzi.

Injini ipate moto wake wa kawaida kwanza, kisha soma geji mara mbili: injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, na ikiwa kwenye mizunguko 3000 kwa dakika. Vitabu vya injini nyingi za petroli za Toyota za miaka ya 1990 hukubali kilopaskali 29 tu kwenye sailensa, ila kwenye mizunguko 3000 hutaka kuanzia 245 kwenda juu. Namba inayonipa habari zaidi ni hii ya pili. Presha ikipanda vizuri kwenye mizunguko 3000 lakini ikawa dhaifu kwenye sailensa, mara nyingi oili imekuwa nyepesi mno. Ikiwa dhaifu kote kuwili, nashuku kiwango cha oili, kichujio kilichoziba cha kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu, au beringi za krenki.

Oili kuwa nyepesi kuna njia tatu, na zote tatu zinaweza kuanzia kwenye kazi ya heda. Ya kwanza ni joto lenyewe. Oili ya 5W-30 inapotoka nyuzi 100 kwenda 130 hupoteza karibu nusu ya unene wake. Katika injini ya Subaru EJ20 filta ya oili iko chini, na mabomba ya heda hupita jirani yake na jirani ya sampu, hivyo kuondolewa kwa mabati ya kukinga joto si jambo dogo. Ya pili ni petroli kuingia kwenye oili, na hii ndiyo inayofichika zaidi. Gasketi ya heda ikivuja, au flanji (bati la heda linalofungwa kwenye hedi) ikiwa imepinda kwa uchomeleaji, hewa ya nje hunyonywa ndani katikati ya mapigo ya moshi. Sensa ya oksijeni iliyo mbele huisoma hewa hiyo kana kwamba mchanganyiko ni mkavu, yaani una petroli kidogo mno, na kompyuta ya injini huongeza petroli isiyohitajika. Petroli ya ziada huosha kuta za silinda na kushuka hadi kwenye sampu. Chomoa dipstiki, unuse. Kama oili inanuka petroli na kiwango kimepanda badala ya kushuka, umepata jibu. Ya tatu ni maji: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mara nyingi gasketi ya silinda hedi imeshakufa kwa kuchemsha, na huo ni mlango wa kazi nyingine kubwa.

Nikiwa bado kwenye dipstiki, naangalia pia bomba lake. Katika baadhi ya injini bomba hilo hushikiliwa na kibati kilichofungwa upande wa eksozi, nalo husogezwa au kupindwa ili heda ipite. Likikaa juu kidogo au chini kidogo kuliko mwanzo, stiki itadanganya, na mtu anaweza kuendesha gari lenye upungufu wa lita nzima huku akiamini amejaza.

Kwa upande wa joto, swali langu la kwanza kwa mwenye gari ni lini linachemsha: kwenye foleni, au likiwa kwenye mwendo mrefu wa barabara ya Morogoro kuelekea Chalinze? Likichemsha kwenye foleni tu, naenda kwenye feni, waya wa feni, na kizingo cha plastiki cha feni ambacho mafundi hukitoa ili wapate nafasi ya mikono na kisha kukisahau. Likichemsha kwenye mwendo, naangalia plastiki ya chini ya injini iliyokuwa ikielekeza upepo kwenye rejeta, maana heda kubwa mara nyingi huigusa na watu huiacha nje moja kwa moja. Kwenye injini za distribyuta naangalia pia taimingi (wakati wa plagi kutoa moto), kwa kuwa distribyuta iliyolegezwa ikarudi nyuma huchelewesha moto, petroli huendelea kuungua ikiwa inatoka, heda hugeuka nyekundu, na joto la ziada huingia kwenye silinda hedi na maji.

Lakini chanzo ninachokikuta mara kwa mara kuliko vyote ni hewa iliyonaswa. Ili kupata nafasi, fundi alifungua mpira wa rejeta, maji yakamwagika, kisha akajaza kwa haraka na kufunga mfuniko. Injini za EJ za Subaru ni maarufu kwa kushika hewa. Rejeta zake zina skrubu ya kutolea hewa upande wa juu, na ni lazima ifunguliwe wakati wa kujaza taratibu, hita ya ndani ikiwa imewekwa kwenye moto. Mfuniko wa rejeta nao upimwe: maji yakifungiwa kwa presha ya bar 0.9 juu ya hewa ya nje huchemka karibu nyuzi 119, ila mfuniko uliochoka huyaacha yachemke kwenye nyuzi 100, na joto la Januari la hapa pwani halisamehe. Naomba pia tuache kutoa thamostati (vali inayofungulia maji kwenda rejeta yakipata joto) kama dawa, na tuache kujaza maji ya kisima yenye chumvi, kwani yanakula aluminiamu na kuacha ukoko kwenye vijia vya rejeta.

Swali la mwisho ni lipi lilitangulia. Mshale ukipanda kwanza na taa ya oili ikafuata, tibu joto, kisha upime presha tena kwa oili mpya ya daraja lile lile. Taa ikitangulia injini ikiwa na joto la kawaida, fuata oili peke yake. Kumwaga oili nzito ya 20W-50 ili taa izimike ni jambo ninalolipinga kwa nguvu zote: geji hupanda kwa sababu oili nzito hupita kwa shida, beringi zilizolika hubaki zimelika, na mwenye gari huondoka na imani ya uongo hadi injini inoki barabarani.

Baada ya chanzo kupatikana, narudisha mabati ya kukinga joto au natengeneza mapya, navika nyaya soksi za kuzuia moto, na naacha nafasi kati ya kila mpira na bomba. Kitambaa cha kuzungushia heda hupunguza joto chini ya boneti, ila hushika unyevu, na kwa hewa yetu ya bahari bomba la chuma cha kawaida huoza chini yake bila kuonekana. Kikilowa oili kinaweza kuwaka, kwa hiyo sikifungi kabla ya uvujaji wote kuisha. Bolti za flanji hulegea baada ya kupata moto na kupoa mara kadhaa, kwa hiyo mteja hurudi gari likiwa limepoa, nazikaza tena kwa spana ya toki, kisha nachomoa dipstiki na kunusa oili mbele yake.