Jitu André hakuwa na mwili wa maajabu, alikuwa mgonjwa

Kuelekea Novemba 1, siku ambayo duniani kote watu huelimishwa kuhusu akromegali, yaani ugonjwa wa homoni ya ukuaji kuzidi mwilini, kliniki yetu ya homoni hupokea maswali mengi, na mengi huanza na jina moja: André the Giant. Wazee wanamkumbuka kwenye kanda za video za mieleka, vijana wanamtazama kwenye simu. Karibu wote wanasema Mungu alimbariki mwili. Naomba tuelewane hapo kwanza. Mwili ule ulikuwa ugonjwa, na ugonjwa huo ndio uliomchosha moyo hadi akafariki akiwa na miaka 46.

André Roussimoff alizaliwa Mei 19, 1946 huko Coulommiers, Ufaransa, akakulia shambani katika kijiji cha Molien. Mwaka 1973 alianza kupigana Marekani chini ya promota wa mieleka Vince McMahon, baba wa Vince McMahon aliyekuja kuiongoza kampuni ya mieleka ya WWE. Ulingoni alitangazwa kuwa na urefu wa sentimeta 224 na kilo 236. Machi 29, 1987, pale Pontiac Silverdome, Michigan, mbele ya watu 93,173 kwa hesabu ya waandaaji, mwanamieleka mwenzake Hulk Hogan alimnyanyua na kumbwaga. Watu hukumbuka kubwagwa. Mimi hutazama anavyotembea kuelekea ulingoni. Alikuwa amepasuliwa mgongo muda mfupi kabla, na ndani ya nguo yake ya mieleka alivaa mkanda wa kuushikilia uti wa mgongo. Yule alikuwa mtu mwenye maumivu makali akiendelea na kazi yake.

Januari 1993 alikwenda Ufaransa kumzika baba yake. Januari 28 alifariki usingizini, hotelini Paris. Mwaka huohuo kampuni hiyo ya mieleka ilianzisha orodha ya magwiji wa mieleka na jina la kwanza likawa lake. Majivu yake yalitawanywa kwenye shamba lake huko Ellerbe, North Carolina.

Chanzo cha ugonjwa huu ni uvimbe, ambao kwa kawaida si saratani, kwenye tezi ya pituitari. Tezi hiyo ina ukubwa wa punje ya njegere na iko chini ya ubongo, nyuma ya pua. Uvimbe humwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi. Ukianza utotoni, mifupa hurefuka bila breki. Ukianza ukubwani, mtu harefuki tena, ila mikono, miguu na taya hunenepa, na moyo nao hutanuka. Si kulogwa, wala si chakula. Tumeshalisema hili mara nyingi, na bado wagonjwa wanafika kwetu baada ya miaka ya kuzungushwa kwa waganga huku macho yameanza kupoteza uoni wa pembeni.

Uvimbe huu unatibika. Mwanamieleka Paul Wight, aliyejulikana ulingoni kama Big Show, aliondolewa wake mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ukuaji ukakoma. Mwanamieleka mwingine, The Great Khali, alipasuliwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 2012. Upasuaji hupitia puani, fuvu halifunguliwi, na pale uvimbe usipoisha zipo sindano za dawa na mionzi.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo watu hukosea. Kwanza tunapima damu, kipimo cha IGF-1, kitu kwenye damu kinachopanda homoni ya ukuaji inapozidi. Kikiwa juu, unarudi asubuhi ukiwa hujala tangu usiku. Hata chai ya rangi isiyo na sukari, hapana. Damu inatolewa, unakunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa kwenye maji, kisha damu inatolewa tena kila baada ya nusu saa kwa saa mbili. Kwa mtu mzima wa afya homoni ya ukuaji hushuka. Kwa mgonjwa haishuki inavyotakiwa. Ndipo tunaagiza MRI, picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Ukinywa chai ukatuficha, majibu hayatafaa na tutarudia yote.

Kuna jambo linanisikitisha zaidi. Wazazi wanaleta watoto wenye afya njema wakiomba sindano ya homoni hiyohiyo ya ukuaji ili wawe warefu wacheze mpira wa kikapu. Hii ni dawa ya cheti, kwa watoto waliopimwa na kuthibitika kuwa na tatizo mahususi la ukuaji. Kwa mwanamichezo, imepigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, wakati wote, ndani na nje ya mashindano. Akibainika kuitumia kwa makusudi, kosa la kwanza adhabu yake ni kufungiwa miaka minne, na matokeo yake hufutwa. Ruhusa ya matibabu ipo, lakini huombwa kwa maandishi na vielelezo vya daktari. Tafadhali, msinunue sindano hizi mitaani.

Ukiona pete haitoki tena, namba ya viatu inapanda ukiwa mtu mzima, meno yanaachana, unakoroma na kutoka jasho jingi, njoo na barua ya rufaa. Njoo pia na picha zako za zamani, hata ya kitambulisho inatosha. Wewe na nduguzo mnaonana kila siku, kwa hiyo hamuoni sura ikibadilika. Tutaiweka picha ya miaka kumi iliyopita pembeni ya uso wako na kulinganisha.