Rekodi fupi si lazima iwe imepigwa haraka

Wapenzi wengi wa piano huamini kwamba rekodi mbili za kazi moja zikitofautiana kwa dakika kadhaa, basi ile fupi imepigwa kwa kasi zaidi. Ni rahisi kufikiri hivyo, maana dakika ndizo tunazoziona kwanza.

Chukua sonata (kazi ndefu ya ala) ya pili ya piano ya Sergei Rachmaninoff, opus 36 (yaani kazi yake namba 36), ambayo mtunzi huyo Mrusi aliiandika mwaka 1913. Mwaka 1931 aliirekebisha mwenyewe, akakata sehemu nyingi na kupunguza msongamano wa nota. Toleo la kwanza huchukua takriban dakika 25, la pili karibu 19, hata mwendo usipobadilika. Wapo pia wapiga piano wanaochanganya matoleo yote mawili, na hapo ndipo kulinganisha kunaponoga kweli.

Kwa hiyo tafuta kwanza mwaka wa toleo la sonata, 1913 au 1931, kwenye maelezo ya albamu. Usipotajwa, fungua nota za 1913, zinapatikana bure mtandaoni, uzifuate kwa kidole huku ukisikiliza. Kurasa zikirukwa utajua. Kasi ipime mahali ambapo matoleo yote yanakutana, kama ule mporomoko wa nota unaofungua sonata.