Injini kugonga si lazima iwe krankshafti

Pikipiki kuukuu ikianza kugonga upande wa klachi, ukiuliza pale Grogan, eneo la magereji na vipuri jijini Nairobi, hukosi wa kukwambia krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) imekufa, injini ifunguliwe yote. Mara nyingi huko ni kuharakisha kuhukumu tu. Kati ya krankshafti na klachi kuna gia mbili, na ile kubwa imeshikwa kwenye hausingi ya klachi (kikapu kinachobeba sahani zake) kwa springi ndogo za kupunguza mshtuko. Springi zikilegea, gia hucheza na kulia kra-kra-kra, hasa injini ikizunguka polepole.

Ikishapata moto, iweke nyutro, kisha finya klachi taratibu huku umetega sikio. Sauti ikibadilika au ikitoweka, shuku klachi kwanza, au beringi ya giaboksi. Piga resi kidogo: mlio wa hausingi kwa kawaida hupungua. Krankshafti iliyolika haijali klachi, na huzidi kugonga ukiipa mzigo mlimani. Pikipiki nyingi za kale za Uingereza zina cheni mahali pa gia hizo. Hapo kagua ulegevu wake.

Kwenye zile za gia, mwaga oili, fungua kifuniko cha klachi (injini haishushwi), ushike gia kubwa uitikise. Ikicheza ovyo huku hausingi imetulia, umempata mgonjwa. Nati ya gia ndogo nayo ijaribiwe kama imelegea kabla hujalipa mtu.