X ya kijani si hundi

"Shikamoo mzee. Nimepata nyumba kando ya barabara ya Morogoro. Imechoka, majani yameota hadi sebuleni, ina X, mwenyewe anaiachia bei ya chee. Nikiinunua si nitalipwa fidia?"

Marahaba. Hapana. Mimi ni mthamini wa mali, na wewe ni wa tatu kuniuliza mwezi huu, ndiyo maana leo naandika.

X ni alama inayopakwa kwenye nyumba inayotakiwa kupisha barabara. Rangi kwanza. X nyekundu: umo kwenye hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili yake, unaondoka bila senti. X ya kijani: barabara ndiyo imekufuata. Sheria ya Barabara ya 2007 ilisogeza hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, na walioguswa na zile 7.5 za nyongeza wakawa na haki ya kulipwa. Ila usishike futi kamba, ukapima 30, ukashangilia. Kimara kwenda Kiluvya hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 zikaangushwa nyumba za watu wenye luku na bili za maji mkononi.

Kinachonichosha ni hiki: fidia haifuati ukuta, inafuata mtu. Siku ya uthamini mwenye mali anasimama mbele ya nyumba ameshika kibao cha namba, tunampiga picha, anasaini fomu, mwenyekiti wa mtaa anashuhudia. Malipo yanaandaliwa kwa jina hilo. Wewe utatokea baadaye na karatasi ya mauziano, uanze kuhangaika kuthibitisha, huku muuzaji keshachukua hela yako na anaisubiri ya serikali. Na ukiezeka bati jipya baada ya uthamini, umejiezekea mwenyewe; hatuji kuhesabu upya kwa ajili yako.

Kama haijathaminiwa je? Hapo nami nababaika. Zipo X za kijani zilizokaa miaka bila kuguswa. Na bei ya kiwanja ninayoiandika naitoa kwenye mauziano ambayo watu wameyapunguza kukwepa kodi. Mara nyingine ni kisio lenye muhuri, basi.

Ukitaka kununua, nunua vifaa: mabati, mbao za paa, grili, milango ya mninga kama ipo. Andikishaneni kwamba ni vifaa, si kiwanja, kisha uving'oe kabla buldoza halijafika.

Kijana kanisikiliza hadi mwisho, akaniambia: "Lakini mzee, mbona X yenyewe imeshafifia?"