Maharage kwanza, karatasi baadaye

Tangu shule zifunguliwe, wazazi wa Mbeya, Iringa na Njombe wanatuletea malalamiko ya namna mbili. Wapo wanaosema mtoto wa darasa la awali anarudi nyumbani bila karatasi ya mazoezi hata moja, kwa hiyo hafundishwi. Wapo wanaolalamikia fedha za fotokopi.

Kwa wale wa kwanza, tumeshasema mara nyingi na tunarudia: wingi wa karatasi si kipimo cha ufundishaji. Mtoto wa miaka minne haijui namba tano kwa kufuatisha tarakimu iliyochapwa. Anaijua anapohesabu maharage matano, akayatenga mawili na matatu, kisha akayarudisha pamoja. Nyanda za juu hatuna uhaba wa maharage, magunzi wala mbegu za parachichi. Karatasi inakuja baada ya hapo, mtoto aonyeshe kwa penseli alichokwisha kukifanya kwa vidole.

Walimu, msigawe karatasi kwa darasa zima kwa wakati mmoja ili litulie. Kikundi cha watoto watano au sita wakae na mwalimu, wengine wawe kwenye kona za kujifunzia, yaani sehemu za darasa zenye vifaa vya kuchezea na kujifunzia. Mtoto akimaliza, muulize, "Umejuaje?" Jibu lake litakueleza mengi kuliko alama ya vema. Karatasi iwe na kazi moja, michoro mikubwa, vitu anavyovijua. Mtoto wa Tukuyu anaijua ndizi, mpeni ndizi ahesabu. Na Makete mwezi Juni, asubuhi vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Anzeni na nyimbo na michezo ya vidole, penseli ingoje jua.

Kuhusu adhabu, tueleweke vizuri. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za 2002 zinaruhusu kiboko kwa makosa makubwa ya nidhamu tu, kitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Kutoka nje ya mstari wakati wa kupaka rangi si kosa la nidhamu. Mwalimu anayempiga mtoto wa awali kwa sababu hiyo anavunja kanuni, na atawajibishwa.

Kuhusu fedha, elimumsingi bila ada katika shule za umma, ikiwemo awali, ilianza 2016. Mtoto asirudishwe nyumbani wala kunyimwa karatasi kwa sababu mzazi hajatoa ya fotokopi. Hata hivyo, mzazi, usimnunulie rundo la karatasi kwenye duka la vifaa vya shule ukamkalisha nalo jioni nzima. Mpe mboga achambue, vikombe apange.

Mwenye lalamiko aanze kwa mwalimu mkuu. Asiporidhika, aende kwa afisa elimu kata, kisha ofisi ya wilaya ya uthibiti ubora wa shule, yaani ya wakaguzi wa shule. Aje na karatasi yenyewe, iwe na tarehe na jina la darasa.