Kipimo cha mawimbi ya ubongo hakitakwambia kama una sonona

Swali: Sonona ni nini?
Ni ugonjwa. Huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Pamoja na usingizi kukatika, chakula kutopita, uchovu, kujiona huna thamani, pengine kutamani kufa.

Swali: Na EEG?
Ni kipimo kinachorekodi umeme wa ubongo kupitia elektrodi zinazobandikwa kichwani. Mjerumani Hans Berger ndiye aliyeurekodi kwa binadamu mara ya kwanza, mwaka 1924. Hakipigi shoti wala hakisomi mawazo. Njoo umefumua nywele na hujapaka mafuta, tafadhali. Ukifumba macho, kisogoni hutokea mawimbi ya alfa, 8 hadi 13 kwa sekunde, ukifumbua yanafifia.

Swali: Dokta, mama amepimwa na majibu ni safi. Hana sonona, sivyo?
Sivyo. EEG safi haiondoi sonona. Kipimo hiki tunakitumia zaidi kwa kifafa. Mtu mwenye sonona kali anaweza kutoka na majibu safi kabisa. Ninachokiona kila mara ni hiki: familia inauza mbuzi, inasafiri hadi mjini, inarudi na bahasha, kisha mgonjwa anaambiwa, “Umeona? Unajidekeza tu.” Tangu hapo hasemi tena. Kimya hicho kinanitisha kuliko grafu yoyote.

Swali: Mbona nasoma kwamba watafiti wanaiona sonona kwenye mawimbi?
Wanaitafuta, na ni kazi nzuri. Wanalinganisha kundi la wagonjwa na la wasioumwa, waone umeme wa sehemu zipi za ubongo hupanda na kushuka pamoja. Huo ndio wanaouita mtandao. Mmoja unaofuatiliwa sana ni ule unaochangamka mtu akikaa bila kazi, akijiwazia. Unahusishwa na kule kurudiarudia mawazo mabaya usiku kucha. Ila fuvu hutawanya umeme: ni kama kusikiliza ngoma ya harusi ukiwa nyuma ya ukuta. Elektrodi mbili zinaweza kunasa chanzo kimoja, ukadhani ni sehemu mbili zinazoitikiana. Tena walichokiona watafiti hawa, wenzao mara nyingi hawakioni. Na wastani wa kundi haumpimi mama yako.

Swali: Tumepangiwa EEG mwezi ujao. Tusubiri ndipo aanze matibabu?
Msisubiri. Narudia: msisubiri! Sonona hutambuliwa kwa mazungumzo na maswali, pengine na kipimo cha damu kuangalia tezi ya shingo au upungufu wa damu. Dawa zenyewe huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu. Mnataka kuongeza mwezi mwingine mbele yake? Kama EEG iliagizwa kwa sababu ya degedege, apimwe, lakini matibabu ya sonona yaanze.

Swali: Akisema anataka kufa?
Aletwe leo, hata usiku, kituo chochote cha afya kilicho karibu. Majibu ya kipimo yasubiri, yeye asisubiri. Msimwache peke yake; ondoeni dawa za wadudu na vidonge. Kumuuliza waziwazi hakumpandikizii wazo hilo.

Swali: Akipata nafuu aache dawa?
Hapana. Kwa kawaida huendelea angalau miezi 6 baada ya nafuu, na aliyemwandikia ndiye atakayezipunguza.

Swali: Bahasha ya EEG tuitupe?
Itunzeni, mje nayo. Ila mje na mgonjwa. Juzi nililetewa bahasha peke yake.