Mama, futa hiyo orodha: namna ninavyozuia tovuti mbaya kwenye ruta ya nyumbani

Jumamosi moja niliitwa Tabata kwa mama mmoja aliyekuwa amehangaika na ruta yake wiki nzima. Alikuwa ameona sehemu ya kuzuia anwani, akaanza kujaza jina moja baada ya jingine, mpaka akafikisha tovuti 37. Akaongeza na maneno machafu, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Mwanawe wa darasa la sita bado alikuwa anafungua vilevile. "Fundi, hii ruta mbovu," akaniambia.

Ruta ilikuwa nzima. Kazi aliyopewa ndiyo isiyowezekana. Uzuiaji wa maneno ulitengenezwa zama ambazo kurasa zilipita wazi kwa HTTP, ruta ikaweza kusoma kila kinachopita. Siku hizi karibu tovuti zote zinatumia HTTPS, na mazungumzo yote yamefungwa kwa siri. Ruta inaweza kujua simu ya mtoto inaelekea tovuti gani, lakini haijui ukurasa gani wala una maneno gani. Na hizo tovuti 37? Kila siku zinazaliwa nyingine. Mzazi hawezi kushindana nazo kwa kuandika, na naumia kila ninapomkuta mtu amepoteza usiku wake hivyo.

Kinachofaa ni kubadilisha DNS. Simu haijui njia ya kufika kwenye tovuti kwa jina tu, lazima kwanza iulize namba yake, na anayejibu ni seva ya DNS. Kwa kawaida ruta inatumia seva ya kampuni inayokuuzia intaneti, ambayo inajibu lolote. Mimi naweka seva inayokataa kutoa namba za tovuti za ngono, na orodha inatunzwa na wenye seva. Cloudflare wanayo ya bure tangu Aprili 2020: 1.1.1.3 na 1.0.0.3. CleanBrowsing nao wanayo: 185.228.168.168 na 185.228.169.168.

Kwenye nyumba yenye watoto wadogo naanza na CleanBrowsing. Sababu ni Google yenyewe. Huwezi kuifunga, mtoto anaihitaji kwa masomo, lakini upande wa picha unaweza kumwonyesha mambo hata kabla hajafungua tovuti yoyote. Kichujio chao cha familia kinailazimisha Google, Bing na YouTube kubaki kwenye hali salama. Ubaya wake, kinafunga pia Reddit nzima, kwa hiyo baba anayeisoma atalalamika.

Kuweka ni dakika 10. Ukiwa kwenye waifai yako, andika kwenye kivinjari anwani iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Tafuta sehemu ya LAN au DHCP, utaona nafasi mbili za DNS. Hapa watu wengi wanateleza, na pale Tabata ndipo nilipokaa muda mrefu. Nilijaza ya kwanza, nikajaribu, tovuti ikafunguka. Nikatazama tena: nafasi ya pili ilikuwa na 8.8.8.8, seva ya DNS ya Google, iliyoachwa na aliyefunga mtambo. Hiyo ya pili si akiba tu. Kifaa kinaweza kuiuliza wakati wowote, na yenyewe haikatai kitu. Zote mbili lazima ziwe za kichujio kimoja. Kama mtandao wako una IPv6, yaani mfumo mpya wa namba za intaneti, nayo ina nafasi zake za DNS, usiziache. Kisha zima waifai ya kila simu na uiwashe upya, ndipo ipokee DNS mpya.

Badilisha pia nenosiri la kuingilia kwenye ruta. Lile la mwanzo limeandikwa kwenye kibandiko, na mtoto wa darasa la sita anajua kusoma.

Zipo ruta za kampuni ambazo nafasi za DNS zimefungwa. Piga simu huduma kwa wateja uombe wakufungulie, au nunua ruta yako uiunganishe nyuma ya yao.

Mama akauliza swali ambalo nilikuwa nalingoja: "Akiweka bando je?" Akiweka bando, ruta haina habari naye. VPN, programu inayopitisha intaneti ya simu kwenye seva nyingine, nayo inapita pembeni. Kwa bando dawa iko kwenye simu yenyewe: Android kuanzia toleo la 9 ina DNS ya Faragha, ndani ya mipangilio ya mtandao na intaneti. Unaandika family.cloudflare-dns.com, na simu inachujwa popote ilipo, kwa waifai ya jirani au kwa laini.

Tulimwita kijana, akakaa nasi mezani. Sipendi kuweka vitu hivi kwa siri. Mtoto akigundua mwenyewe anatafuta njia ya kupita, akielezwa anauliza maswali. Mama akamweleza anafunga nini na kwa nini. Kijana akaiandika ile anwani kwa mkono wake, tukazima waifai, tukajaribu kwa bando. Haikufunguka. Akauliza kama mpira bado atauona, nikamwambia ataangalia.